Jini la Kemikali: Historia Fupi ya Jina Moja, kutoka Tanga hadi Mutaho

Katika zoezi moja la tafsiri, darasa la mwaka wa pili, wanafunzi wetu wa Burundi walipewa tangazo fupi la Kifaransa lililokuwa limebandikwa kwenye ubao wa chuo kimoja. Lilikuwa tangazo la kawaida la idara: mhadhara wa mgeni, tarehe ya mwisho ya kukabidhi ripoti za mafunzo kwa vitendo, safari ya wanafunzi kwenda kiwandani. Neno lililowashinda ni jina la idara yenyewe, yaani génie chimique. Wengi waliliruka. Mmoja, mzaliwa wa Mutaho huko kaskazini mwa Gitega, aliandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Idara ya Jini la Kemikali". Darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akauliza swali lililonirudisha maktabani: "Mwalimu, kama si jini, basi ni nini? Na kwetu Mutaho tunaiona wapi?"

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Mwandishi si mkemia, na msomaji atakayeona kasoro upande huo asisite kunisahihisha. Lakini historia ya majina ni kazi yetu sisi walimu wa lugha, na jina hili limepita njia ndefu kabla ya kufika kwenye ubao ule.

Tuanze na kosa lenyewe, maana halikuwa kosa la kijinga. Neno la Kifaransa génie lina maana mbili zilizokutana njiani. Moja inatokana na Kilatini ingenium, yaani akili ya kuzaliwa nayo, werevu wa kubuni. Huko ndiko walikotoka mainjinia na injini zao. Nyingine inahusu roho mlinzi, na Antoine Galland alipofasiri hadithi za Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, juzuu zake zikitoka kati ya 1704 na 1717, aliona neno hilo linafanana kwa sauti na jini wa Kiarabu, akalitumia. Kwa hiyo mwanafunzi wetu alifanya kile alichofanya Galland, ila aliingia kwa mlango wa nyuma. Kiswahili, kwa upande wake, hakikuhitaji jini wala injini. Kilichukua mhandisi kutoka Kiarabu, lugha ambayo neno hilo lina uhusiano na jiometria, na kutoka hapo tukapata uhandisi.

Uhandisi kemikali kama somo la chuo si wa zamani sana. Viwanda vya magadi, sabuni na rangi vilikuwepo Ulaya karne ya 19, lakini viliendeshwa na watu wa aina mbili ambao hawakuelewana vizuri: mkemia aliyejua kinachotokea ndani ya chupa ya maabara, na fundi mitambo aliyejua kujenga pipa kubwa. Mwingereza George E. Davis, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, aliona kwamba kati ya chupa na pipa kuna elimu nzima ambayo haina mwenyewe. Mwaka 1887 alitoa mihadhara 12 mjini Manchester kuhusu elimu hiyo. Mwaka uliofuata, 1888, Lewis Norton alianzisha kozi ya namna hiyo katika chuo cha MIT, Marekani. Halafu mwaka 1915 Arthur D. Little akatoa wazo ambalo wanafunzi wa fani hii hulikariri mpaka leo: kwamba kiwanda chochote cha kemikali, kiwe cha sukari au cha mafuta ya taa, kinaweza kugawanywa katika hatua chache za msingi zinazojirudia, kama vile kusaga, kuchuja, kuosha, kuvukiza, kukausha. Anayezijua hatua hizo anaweza kuingia kiwanda asichokijua na kukielewa. Msomaji aliweke akilini wazo hili, maana tutalihitaji tukifika Mutaho.

Afrika Mashariki ilikuwa na kiwanda cha kemia kabla ya kuwa na idara yake. Kampuni ya magadi katika Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, ilianzishwa mwaka 1911, na jina la ziwa ni neno letu la jikoni, lile lile la kulainishia maharage. Vyuo vilichelewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, na baadaye kikawa na idara ya fani hii; kitivo hicho kilipandishwa hadhi hatua kwa hatua hadi mwaka 2005 kikawa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Jina la idara kwa Kiingereza lilikuwa na sehemu mbili, kemikali na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho kinachotuhusu sisi zaidi, maana kwa Kiswahili kilizaa uchakataji.

Hapa naomba tukae kidogo. Watu husema ovyo kwamba mchakato ni neno la wasomi, limebuniwa ofisini, halina mizizi. Mimi siafiki. Nenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe ukasikilize. Huko kuchakata ni kazi ya kila siku: jani la mkonge linaingizwa katika mashine, nyama yake inapondwa na kukwanguliwa, maji yanapitishwa, na kinachobaki ni nyuzi nyeupe za kuanika. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida. Inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo 62 kukatokea mashamba, reli, manamba na vijiji vya vibarua kutoka kila upande, wakiwemo watu wengi waliotoka Urundi ya wakati huo kwenda kutafuta kazi Tanganyika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mutaho anapojifunza neno uchakataji asidhani ni neno la watu wa mbali. Inawezekana kabisa babu yake alilisikia kabla ya mwalimu wake kuzaliwa.

Mpinzani wa uchakataji ni usindikaji, nao una asili ya heshima vile vile. Kusindika, au kushindika kama wasemavyo wengine, ni kukamua mafuta au maji ya miwa kwa kinu. Leo tunasema viwanda vya kusindika maziwa, matunda, samaki, hata pale pasipokamuliwa chochote. Ukiniuliza tofauti, nitajibu kwamba wasemaji wengi wanaelekea kutumia usindikaji kwa vyakula na uchakataji kwa mambo mapana, pamoja na data na maombi ya viza. Lakini ukweli ni kwamba maneno yote mawili yalitoka mikononi mwa watu waliokuwa wakitenganisha kitu cha thamani na makapi yake, mmoja akikamua, mwingine akikwangua. Sijui kama Davis wa Manchester angeweza kueleza fani yake vizuri zaidi ya hapo.

Habari njema za idara hizi hazikosekani, ijapokuwa mara nyingi huishia kwenye mbao za matangazo. Mojawapo ilivuka mipaka mwaka 2015. Dakta Askwar Hilonga, Mtanzania aliyesomea uhandisi kemikali hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, na kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Zawadi ilikuwa pauni 25,000. Alichokibuni ni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara, na uzuri wake ni kwamba linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Wenyeji wa Arusha na Meru wanaelewa kwa nini jambo hilo ni muhimu. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi usiohitaji maabara. Miaka mingi kabla ya hapo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilikuwa kimefundisha kuondoa floridi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Mfupa, mkaa, maji: hatua za msingi zile zile za Little, safari hii kwenye ndoo ya nyumbani.

Sasa turudi Burundi, kwa maana mwanafunzi wangu hakuuliza habari za Arusha.

Mutaho ni nchi ya milima na kahawa, katika sehemu ya kati ya Burundi iitwayo Kirimiro. Ukitoka hapo ukaelekea kaskazini-mashariki unafika Muyinga, mji wenye Waislamu wengi ambako Kiswahili kimekuwa kikisikika sokoni tangu zamani, na mbele yake mpaka wa Kobero, mlango wa kuingilia Tanzania. Barabara hiyo ni moja ya njia zinazoipeleka kahawa bandarini Dar es Salaam. Njia ya zamani zaidi ilipita ziwani: Wabelgiji, waliotwaa nchi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, walipata kwa mkataba wa 1921 na Waingereza haki ya kutumia sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Gunia la kahawa lilipanda meli Usumbura, likashuka Kigoma, likapanda reli. Njiani kote huko lugha ya kuhesabia magunia ilikuwa Kiswahili.

Kahawa yenyewe haikuja kwa hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliamuru wenye kaya kupanda na kutunza mibuni, na aliyezembea aliadhibiwa. Wazee wanaoisimulia habari hiyo hawaitaji kemia, wanataja viboko. Baada ya uhuru wa 1962 amri zilibadilika sura, lakini mkulima aliendelea kulima zao ambalo bei yake hupangwa mbali. Kazi ya kumenya na kuosha aliifanya nyumbani, kwa mashine ndogo ya mkono au hata kwa jiwe. Ni katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambapo serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ilijenga vituo vikubwa vya kuoshea kahawa kando ya mito, zaidi ya 130 kwa jumla. Bahati haikuwa upande wao. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Na tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, yakafuata mauaji na vita ambavyo viliiumiza Mutaho na jirani zake kwa namna ambayo makala ya lugha hayawezi kuibeba. Watu walikimbia, mibuni ikabaki na magugu, na baadhi ya waliorudi walikuta wanaishi kambini, wakilitazama shamba kwa mbali.

Kwa Kirundi kituo cha kuoshea huitwa ironge, wingi wake amaronge, kutokana na kitenzi kuronga, yaani kuosha vitu kama nafaka. Naona ni jina zuri kuliko lile letu refu la "kituo cha kuoshea kahawa". Nilikwenda kuliona mojawapo msimu mmoja wa mavuno, nikiongozwa na yule yule mwanafunzi wa jini, ambaye shangazi yake alikuwa mchambuzi wa kahawa hapo. Nilikwenda na orodha ya Little mfukoni.

Hatua ya kwanza ni maji. Matunda mekundu yaliyoletwa asubuhi yanamwagwa katika pipa. Yaliyokomaa vizuri yanazama. Mepesi, yaliyotobolewa na wadudu au yasiyojaa, yanaelea. Kirundi husema zireremba. Zinazoelea huengwa na kuwekwa kando, na hulipwa bei ya chini au hurudishwa kwa mwenyewe. Pale pale niliona ugomvi. Mama mmoja alikuwa ameona theluthi ya kapu lake ikienguliwa na hakuambiwa sababu. Sababu ilikuwa imeandikwa ukutani, kwa Kifaransa, kwa herufi za kuvutia. Mwanafunzi wangu alimsomea na kumweleza kwa Kirundi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba maji hana ugomvi nayo, ugomvi wake ni na mizani. Baadaye nilielezwa kwamba malalamiko ya mizani ni ya kila msimu.

Hatua ya pili ni kumenya. Mashine inavua ganda jekundu na kuacha mbegu mbili zilizofunikwa ute mtamu, wenye utelezi, ambao hautoki kwa kusugua kwa maji tu. Hapo ndipo kemia inapoingia kwa miguu yote miwili. Mbegu hutiwa katika matangi ya saruji na kuachwa zichachuke, kwanza bila maji kwa muda wa nusu siku hivi, kisha, kwa desturi ya Burundi, ndani ya maji kwa saa nyingine nyingi. Vijidudu vilivyomo hula sukari ya ute na kutoa tindikali, na vimeng'enya huvunjavunja pektini, ile gundi inayoushikilia ute kwenye mbegu. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kukuambia kazi imekwisha, maana usiku wa baridi wa milimani huchelewesha uchachushaji na joto la mchana huuharakisha. Mtu mzima wa kituo hutumbukiza mkono, akafinya mbegu. Zikikwaruzana kama changarawe, basi tayari. Akichelewa, kahawa itanuka siki.

Mwanafunzi wangu hakuhitaji maelezo yoyote hapo. Alisema tu, "Ni kama urwarwa." Urwarwa ni pombe ya ndizi, na hakuna nyumba ya milima ile ambayo haijui ndizi huivishwa vipi, hukamuliwa vipi, unga wa mtama hutiwa kwa kusudi gani na ni lini mtungi uachwe utulie. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimelifundisha neno uchachushaji kwa kuandika ubaoni tafsiri yake ya Kifaransa. Lingeingia kwa dakika moja kama ningeanza na mtungi.

Baada ya hapo ni kuosha kwenye mfereji mrefu, ambako maji yenyewe hupanga kahawa kwa uzito, nzito zikibaki nyuma na nyepesi zikitangulia, kisha kuloweka, kisha kukausha juu ya vichanja kwa wiki mbili au tatu, wanawake wakipita na kupita wakiondoa mbegu zenye kasoro. Mbegu inayoingia kichanjani nusu yake au zaidi ni maji. Inatakiwa kutoka ikiwa na unyevu wa asilimia 11 au 12. Pungufu ya hapo inapoteza uzito na ladha. Zaidi ya hapo inaota ukungu ghalani. Siku hizi kuna kifaa cha kupimia, lakini mzee aliyekuwa akisimamia vichanja alichukua mbegu, akaing'ata, akatikisa kichwa, ndipo akaiweka katika kifaa. Kifaa kilisema asilimia 14. "Bado," akasema, kana kwamba amethibitisha kwamba kifaa ni kizima.

Wahandisi kemikali wana desturi ya kufanya hesabu ya kila kinachoingia na kila kinachotoka, nami napendekeza tuiite mizani ya maada. Kwa makadirio ya kawaida, kilo 100 za matunda hutoa kama kilo 20 za kahawa kavu yenye ngozi, na hizo, zikishakobolewa kiwandani, hutoa kama kilo 16 za buni safi ya kuuza nje. Kilo 84 zilikwenda wapi? Nyingine ni maji yaliyopaa hewani juu ya vichanja. Nyingine ni maganda mekundu, ambayo yakiozeshwa vizuri hurudi shambani kuwa mbolea. Na nyingine ni ule ute, ambao umeyeyuka katika maji ya kuoshea. Maji hayo yana tindikali na sukari nyingi. Yakiachwa yamwagike mtoni, bakteria huyashambulia na kutumia oksijeni yote, samaki na viumbe wadogo wakakosa pumzi. Ndiyo maana kituo kinatakiwa kuwa na mashimo ya kutulizia maji kabla ya kuyaachia. Walioko bondeni huchota maji mto ule ule. Kwao hesabu hii haihusiani na mtihani wa chuo.

Kuna kasoro moja ya kahawa ya Burundi na Rwanda iliyowashughulisha wakemia kwa muda mrefu, nayo inaitwa ladha ya kiazi. Buni ni nzuri, imeoshwa vema, imechambuliwa. Lakini kikombe kimoja katika vingi kinanuka kama kiazi mbatata kibichi kilichomenywa sasa hivi. Mbegu moja tu inatosha kuharibu birika, na kwa macho haionekani. Mwaka 1987, katika kongamano la wanasayansi wa kahawa huko Montreux, Uswisi, wakemia wa Kijerumani walieleza kwamba harufu hiyo inatokana na kampaundi ya jamii ya pirazini, isopropili-methoksipirazini, ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Utafiti uliofuata uliihusisha na mdudu aitwaye antestia anayetoboa matunda ya kahawa. Msomaji ataona jinsi duara linavyofungika: tunda lililotobolewa mara nyingi huwa jepesi, na tunda jepesi linaelea. Lile pipa la kwanza, lililomtia hasira yule mama, lilikuwa pia chombo cha kupunguza pirazini. Hata hivyo haliziondoi zote, na kwa sababu hiyo kupambana na mdudu shambani na jicho la mchambuzi kichanjani bado ni lazima. Burundi ilipofanya kwa mara ya kwanza mashindano ya Cup of Excellence mwaka 2012, kahawa za milima yake zilisifiwa na waonjaji wa nje; lakini wanunuzi wengi waliendelea kuuliza kwanza habari za kiazi.

Sasa, je, Kiswahili kinaweza kuyasema haya yote? Nimejaribu kuyasema, na msomaji ndiye mwamuzi. Katika kuandika nilikuwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, taasisi ambayo tangu 2009 imeunganishwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Ni kazi kubwa, na waliofanya kazi hiyo hawakupata shukrani za kutosha. Lakini kamusi ile ilitungwa ikimlenga mwanafunzi wa sekondari mbele ya kitabu. Inakupa kimeng'enya, inakupa oksijeni. Haikukusudiwa kukupa maneno ya mtu aliyesimama kwenye tangi saa nane za usiku. Maneno hayo yapo Kilimanjaro na Kagera, kwa wakulima waliozoea kahawa miaka mingi: kumenya, kukoboa, vichanja, buni, kahawa ya maganda. Yapo pia milimani kwetu, kwa Kirundi. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kiswahili kikaingia katika madarasa ya shule za msingi miaka hiyo hiyo, vitabu vilitoka Dar es Salaam na Nairobi vikiwa na mikorosho na mikarafuu. Sisemi mikorosho ni mibaya. Nasema tu kwamba mtoto wa Mutaho hajawahi kuiona, na pipa la kahawa liko chini ya mlima wake.

Hali hiyo ina gharama. Anayesomea fani hii hufundishwa kwa Kifaransa au Kiingereza, halafu hupelekwa kufanya kazi na watu ambao lugha hizo hawazitumii. Akiwa Mrundi atajitahidi kwa Kirundi. Akivuka Kobero, au akienda Kigoma au Bukavu, atahitaji Kiswahili chenye maneno ya kazi, na si kile cha salamu na barua za maombi. Anapokosa neno hunyamaza, na matokeo yake tuliyaona pale kwenye pipa.

Baada ya ziara ile mwanafunzi wetu aliacha mada aliyokuwa amechagua kwa ajili ya tasnifu, iliyohusu taswira katika ushairi (kwa masikitiko ya mwalimu mwenzangu mmoja), akaanza kukusanya istilahi za ironge kwa Kirundi na Kiswahili. Mpaka nilipoiona mara ya mwisho orodha yake ilikuwa na maneno 143. Katika maneno hayo lipo moja tulilobishana kwa majuma na bado hatujaafikiana: lile la ule ute wa mbegu iliyomenywa. Yeye anataka utelezi, kwa sababu ndivyo mkono unavyousikia. Mimi nataka ute, kwa kuwa ni neno fupi na linalingana na ute wa yai na wa bamia. Mzee wa vichanja alipoulizwa alisema kwamba yeye huuita uchafu, kwani kazi yake yote ni kuuondoa. Wasomaji wenye neno jingine, hasa walioko Kagera, Mbinga na Kivu, watuandikie kabla ya msimu ujao wa mavuno, unaoanza Machi.